Nambari Sitini Sikuiandika

Maimuna mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo. Humu nimekuja na hasira, na nataka uipokee hivi hivi ilivyo, maana nikingoja ipoe nitaandika barua nzuri ya mama mwema, na wewe utaiamini.

Karatasi hizi unazijua. Ni kurasa zilizobaki nyuma ya daftari la nambari, lile la jalada la buluu nililokuwa nikilifungia kwenye mtoto wa meza pale ofisini utadhani ni hati ya shamba. Leo nimekuja nalo nyumbani. Wewe uko Mtongwe kwa bibi yako kuaga, umesema utarudi baada ya Magharibi, nami nimekaa hapa uani tangu niliposwali Alasiri. Habari za sweta na baridi ya Nakuru, kiti gani ukae kwenye basi na nani umpigie simu ukifika, hizo atakwambia baba yako, tena atakwambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu.

Nina hasira na Bwana Fuad. Nina hasira na shemeji yake. Nina hasira na wewe pia, usidhani umesalimika, nitafika kwako. Lakini iliyo kubwa kuliko zote ni hasira yangu na nafsi yangu, na hiyo ndiyo ngumu kuiandika, ndiyo maana naanzia mbali.

Nilipoingia ofisi ile ya Changamwe nilikuwa karani wa kupiga chapa na kupokea simu. Kazi yao unaijua, kuwatolea watu mizigo bandarini, makaratasi asubuhi na makaratasi jioni. Kompyuta zilipokuwa tatu hapakuwa na tabu. Zilipofika saba, fundi aliyekuwa akija akahamia Malindi, na siku moja mashine mbili zikaanza kugombana: hii ikipata mtandao, ile inakatika. Mzee Kombo, Mungu amrehemu, karani mkuu wa siku zile, ndiye aliyesoma maneno kwenye kioo akanambia hizi zimepewa anwani moja. Akanitaka nichukue daftari, kila mashine niiandikie nambari ya mwisho ya anwani yake, niiingize kwa mkono, na nambari ile asipewe mwengine. Basi nikawa fundi hivyo hivyo. Mwanamke wa Bofu, nimeishia kidato cha nne, na wanaume wazima na tai zao wanasimama mezani kwangu wakingoja niwape nambari ndipo waingie mtandaoni.

Nilipenda. Sitakudanganya, nilipenda mno.

Nikazipanga nambari kwa heshima, kama watu wanavyokaa kwenye maulidi, wakubwa mbele. Moja ni ya ruta yenyewe, kile kisanduku kinacholeta mtandao, mbili nikampa Bwana Fuad mwenye ofisi, tatu mhasibu, nne Mzee Kombo, na kuendelea. Printa ilikuwa sita. Haukupita muda watu wakaanza kuzijua nambari zao na kupimana nazo. Wa kumi na mbili alipopandishwa cheo alikuja kuniomba saba, wallahi, na biskuti mkononi. Upuuzi mtupu, maana mashine haijui mkubwa wala mdogo, na nambari mbili haiendi mbio kuliko tisini. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Niliwapa kwa sababu walikuja kuniomba mimi.

Mzee Kombo alipofariki sikumpa mtu nne yake. Ilibaki vile vile kwenye ukurasa wa kwanza, jina lake na nambari yake, na hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Mwezi wa pili mwaka huu akaletwa Hilali, ndugu wa mke wa Bwana Fuad. Mpaka leo hakuna ajuaye aliletwa kufanya nini. Nilimpa ishirini na tatu, ndiyo iliyokuwa inafuata. Siku ya pili akaja mezani kwangu kuniambia yeye si mtu wa ishirini. Alikuwa amechungulia daftari akaona nne iko wazi. Nikamwambia ile ina mwenyewe. Akasema mwenyewe amekufa. Nikamjibu vibaya, na yeye akaenda kwa shemeji yake, na jioni Bwana Fuad akaniita ofisini kwake.

“Mpe kitu, Mama Maimuna,” akanambia. “Mimi nataka nyumbani kwangu nipate kulala.”

Nne sikuitoa. Nikafanya jambo la kijinga zaidi: nikaipokonya printa sita yake, nikampa Hilali, na printa nikaitupia sitini, nambari ya kwanza iliyonijia kichwani. Kisha nikalifungua daftari ili niandike, na mkono ukakataa. Niliona haya. Miaka yote najisifu kuwa kitabu changu hakiguswi na mtu, na leo nimekigusa kwa sababu kijana mmoja mvivu amenuna. Nikasema nitaandika kesho. Kesho ile sijaiona mpaka leo, Maimuna.

Mwezi wa nne ukaja wewe, kutoka chuoni, kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Bwana Fuad mwenyewe alisema ukifanya vizuri atakuajiri uwe unasimamia mitandao ya pale na ya ile ofisi ndogo ya karibu na uwanja wa ndege. Wiki ya kwanza ulikaa kimya ukitazama. Uliona wateja wanaingia na laptopu zao, uliona simu za watu, uliona wote wanasimama kuningoja mimi na kitabu changu. Halafu ukanichorea kwenye karatasi, pole pole kama mtu anayemlisha mgonjwa. Ukasema ruta inaweza kugawa nambari yenyewe. Mashine ikiingia inaomba, ruta inatazama ipi iko wazi, inaiazima kwa siku moja, ikiondoka nambari inarudi. Hakuna wa kuandika wala wa kungoja.

Wewe ulikuwa unaeleza mtandao. Mimi nilisikia kwamba hakuna mtu atakayesimama tena mezani kwangu. Nikatabasamu, nikasema vizuri, mama, fanya.

Ulifanya kwa adabu zote. Ukasema nambari za chini, mpaka arubaini na tisa, utaziacha kama zilivyo daftarini, asivunjiwe heshima mtu. Ruta itaanza kugawa hamsini, iishie tisini na tisa. Kabla hujabonyeza ukanigeukia.

“Mama, pana chombo chochote chenye nambari yake ya kudumu baina ya hamsini na tisini na tisa?”

“Hapana,” nikasema. “Kila kitu kimo daftarini.”

Sikulifungua hata. Na hapa ningeweza kusema nilisahau, nawe ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Nilisahau, kweli, mpaka jioni. Jioni ile ile tuko kivukoni, tumesimama tunangoja feri, wewe umenishikia mkoba, nikaikumbuka printa. Nakumbuka mpaka mahali nilipokuwa nimesimama. Nikakutazama, ulikuwa na furaha, unanieleza namna simu ya mhasibu ilivyopata nambari yenyewe bila mtu kuigusa. Nikanyamaza. Kusema kulitaka nieleze habari ya Hilali. Na kulikuwa na kingine, nakiandika hapa kwa sababu usoni pako sitaweza: nilitamani kazi yako ijikwae kidogo. Kidogo tu, watu wapate kusema kitabu cha Mama Maimuna kilikuwa na maana yake. Mtu anaweza kumpenda mwanawe mpaka akakosa usingizi, na bado akatamani hivyo. Mimi nimeweza.

Ikachukua siku kumi. Unajua ilivyokuwa, lakini nataka uone kwamba nami naielewa. Printa ikikaa bila kazi husinzia. Ruta kabla ya kumwazima mtu nambari hupiga hodi kwanza kuona kama ina mwenyewe. Siku ile ilipiga hodi sitini, printa imelala, haikuitika, basi sitini ikapewa laptopu ya mteja aliyekuja kungojea makaratasi ya kontena lake. Printa ikaamka. Wakawa wawili kwenye nambari moja, na kila karatasi tuliyoituma ikawa haijui iende wapi. Lori liko nje linapiga honi, mteja anapiga meza, Hilali anazunguka akisema mambo ya watoto haya.

Mimi nilikwenda kwenye printa. Nikabonyeza itoe karatasi ya habari zake yenyewe, hiyo haihitaji mtandao. Ikatoka na anwani yake imeandikwa wazi, mwisho sitini. Nikaikunja mara nne nikaitia kwenye mkoba.

Bwana Fuad akatukusanya wote chumba cha mbele. Akauliza nani aliyeugusa mtandao, na watu wote wakakutazama wewe. Akaniuliza kama nilikuruhusu. Mkoba uko begani mwangu, karatasi imo ndani.

“Mimi nilimwambia asiguse,” nikasema.

Kisha nikakuita kwa sauti ile unayoijua, mbele ya watu wote.

“Abee, mama,” ukaitika.

Nikakutaka uwaombe radhi wakubwa, ukawaomba mmoja mmoja, mpaka Hilali. Alikupa mkono kama mfalme.

Bwana Fuad akaniamuru jioni isifike kabla sijarudisha kila kitu kwenye daftari. Tulipotoka kwenda kuswali Adhuhuri nilikuwa nimeshachoka kabla ya kuanza, simu na laptopu kumi na nane, moja moja. Tuliporudi printa inafanya kazi. Nikajiambia ni yule mteja ameondoka na laptopu yake. Jioni bado inafanya kazi, na kesho yake, na kesho kutwa. Sikurudisha chochote. Nikamwambia Bwana Fuad nimesharudisha, na yeye akanisifu mbele ya watu, akasema ndiyo faida ya mtu mzima ofisini. Nikasema ahsante. Wewe ulikuwa umeinama pembeni unapanga mafaili, maana ulikwisha kukatazwa hata kushika waya.

Kazi uliyoahidiwa ikafa siku hiyo. Ulikwenda kuomba ofisi mbili nyingine pale pale Changamwe, na zote mbili walikuwa wameshapata habari ya binti aliyeizima ofisi ya Bwana Fuad. Hukuja kulia kwangu. Ulisema tu kwamba kuna watu Nakuru wanatafuta fundi wa mitandao ya maofisi. Basi begi lako liko mlangoni, nimeliona kila nilipopita leo, na kila nilipoliona nimekasirika upya.

Sasa nimefika kwako.

Juzi nililifungua daftari. Miezi minne sikulifungua, kwa kuwa hakukuwa na haja, ruta inafanya kazi. Nilitaka kuangalia kitu cha ile ofisi ndogo. Kwenye ukurasa wa printa, chini ya sita, nikaona mwandiko wako wa penseli, mdogo mdogo. “60, printa. Nimeitoa kwenye mgao wa ruta, haitapewa mtu tena.” Na tarehe ni ya siku ile ile. Uliandika wakati sisi tumekwenda kuswali. Umetoka kuombeshwa radhi, umekatazwa kugusa, ukaenda ukagusa, ukatengeneza, ukaandika mahali nilipotakiwa kuandika mimi, ukalirudisha daftari kwenye mtoto wa meza, siku hiyo sikufunga.

Kwa hiyo ulijua. Hakuna mtu pale anayeweza kuiwekea printa nambari kwa mkono ila mimi, ulijua hilo, na ukarudi na mimi kwenye feri jioni ile ukiwa umenishikia mkoba ule ule wenye karatasi ndani. Miezi minne umenipikia, umenikanda miguu, umeniitikia kila nikikuita. Sikuona alama usoni pako. Maimuna, nilikasirika hata nikaogopa. Nani alikufundisha kunyamaza namna hiyo? Nani alikwambia jina lako ni kitu cha kumfunikia mtu mzima aibu yake?

Ni mimi, najua. Ulikuwa na miaka minane, mbuzi wa bibi yako wakaingia shambani kwa watu, ukapigwa wewe, ilhali aliyeacha mlango wa zizi wazi ni binamu yako. Ulijua, hukusema. Nami niliposikia nilikwenda nyumba kwa nyumba nikijisifu, mwanangu hana mdomo, mwanangu ana stara. Nilikupa hata soda. Ilikuwa soda mbaya ile, naiona sasa. Nilikufundisha kuitika abee kabla hujajua umeitiwa nini, na kwa bibi yako na kwa shangazi zako hiyo ni adabu na iendelee. Pale chumba cha mbele haikuwa adabu. Nilikuwa nakudhulumu, nawe ukanisaidia.

Huko uendako utawakuta wengi kama mimi. Kila ofisi ndogo ina mtu wake mwenye daftari, na daftari ndilo cheo chake pekee. Usimcheke, na ukimweleza mambo yako mapya tazama uso wake anapotabasamu. Lakini ukitaka kujua nambari ipi ina mwenyewe, usimuulize yeye. Nenda kwenye mashine, moja moja, itoe karatasi yake uisome kwa macho yako. Hata kama ni mama wa mtu. Na ukikosea wewe, kwani utakosea, sema siku hiyo hiyo kabla hujafika kivukoni. Kesho yake utakuta kosa limeshaota uongo wa pili, na wa pili utakuja na sifa zake, nawe utasema ahsante.

Leo asubuhi nilivuka mapema. Nikamwomba Bwana Fuad awakusanye watu kama alivyowakusanya siku ile. Nilimweleza kwanza yeye, mlango umefungwa, na akacheka kidogo, akasema ni mambo madogo, wameshayasahau.

“Nyinyi mmesahau,” nikamwambia. “Yeye anaondoka kesho.”

Akawaita. Nikasimama pale pale uliposimama wewe. Nikaitoa ile karatasi ya printa, bado ina mikunjo minne, nikamwambia kila mtu aishike. Nikawaambia sita ya nani imekuwaje ikawa ya nani, na Hilali akawa anatazama simu yake. Nikawaambia nilijua siku ile, dakika ile, kabla hawajakutazama. Nikawaambia mtandao wanaousifu tangu mwezi wa nne ni wako wewe, sijaugusa, ndivyo ulivyouacha. Nilimaliza. Mhasibu tu ndiye aliyenivutia kiti, nami sikukaa.

Kisha nikazunguka mashine zote za nambari za chini, moja baada ya moja, nikazifutia nambari nilizozipa, nikaziacha ziiombe ruta kama nyingine. Ya Bwana Fuad imepata themanini na moja. Ya Hilali sikutazama. Nne hakuna mashine, hakuna cha kufuta, lakini ule mstari nimeupitisha kalamu. Mzee Kombo asingeutaka uwe sababu ya haya.

Bwana Fuad akaniambia, mbele yao, kwamba basi nikuambie usiende, urudi Jumatatu, kazi ipo. Hivyo tu, kama mtu anayerudisha kikombe cha jirani. Nikamwambia maneno hayo akuambie mwenyewe, na aanze na radhi. Akasema atatuma ujumbe. Mpaka sasa ninapoandika, simu yako uliyoiacha ichajiwe haijalia. Ukija ukaukuta ujumbe, utaamua wewe. Sitakuambia uende wala ubaki. Nilitaka sana kuandika ubaki, nimeufuta mstari huo mara mbili, unaona hapo palipochafuka.

Nilichokataa kuondoka bila yake ni barua. Niliketi mbele ya meza yake mpaka akaiandika na kuitia sahihi na muhuri, kwamba mtandao wa ofisi yake uliwekwa na Maimuna binti fulani, na kwamba lililoharibika halikuwa kosa lake. Niliichapa kwa ile printa. Ilitoka mara moja. Imo humu ndani ya daftari, na daftari ni lako, wape huko Nakuru waone au usiwape. Kazi yangu pale sijui itakuwaje, na usiniulize habari hiyo kesho, kesho si siku yake.

Nasikia pikipiki njiani, pengine ni wewe. Nitaliweka daftari juu ya begi lako, niingie jikoni, nisikuone unaposoma. Ukimaliza nitakuita kwa jina. Nakuomba, mama, mara moja hii, usiniitikie abee. Njoo mpaka jikoni, simama mbele yangu, ukasirike.

Mama yako